Ng'ombe wa Mama Hawaji Tena

Jumatatu, 2 Juni

Bado ile tik. Mwito wa Mama wa kuita ng'ombe, ule niliomrekodi, nimeukata vizuri kwenye kompyuta, nimetoa upepo, nimetoa ndege, lakini kila ukirudia kuna tik mwishoni, kama njiti ya kiberiti inavunjika. Saa ya chakula yote nimekaa nyuma ya mashine ya fotokopi, visikizio masikioni, chapati inapoa. Mteja akagonga kaunta na sarafu. Akagonga tena. Nikamwangalia mpaka akatazama chini. Achieng, mwenzangu wa dukani, ndiye alimtolea kopi zake.

Achieng anasema hakuna mtu atasikia hiyo tik. Yeye ndiye huchora picha za michezo yangu, kwa hivyo kwake kitu kikipendeza macho kimeisha. Mimi nasikia. Inanikera mpaka kwa meno.

Jumapili, 8 Juni

Imetoka. Nilikuwa nakata wimbi la sauti likiwa juu. Linafaa kukatwa likiwa limetulia kwenye sifuri. Miaka mitatu natengeneza programu ya sauti na bado nafanya makosa ya mtoto. Nimejitukana, nikarekebisha, nikasikiliza mara hamsini. Safi.

Baada ya kanisa nimeweka mchezo mtandaoni. Unaitwa Rudisha Ng'ombe. Umesimama langoni, mahindi upande huu, barabara upande ule, mvua inakuja. Ukigusa kioo cha simu, Mama anaita, ng'ombe wanasogea. Ukichelewa wanaingia mahindi. Basi. Mchezo mdogo wa kumalizia dakika tano.

Mwito wenyewe nimeuweka pia kwenye Kelele. Hiyo ndiyo programu yangu: unabonyeza, inakupa sauti za kutumia kwa michezo. Sauti zote ni za hapa nyumbani Kapseret. Mlango wa choo. Ndoo ikianguka. Mvua kwenye mabati. Mtu yeyote achukue, atumie anavyotaka. Nimechoka na michezo ambapo kila mlango ni mlango wa ngome ya Wazungu.

Nimemwonyesha Mama kwa simu. Amesema hawa ng'ombe wa Achieng hawana viwele. Halafu akasikia sauti yake. Akacheka, akafunika mdomo. Akauliza kama ni yeye. Nikasema ni yeye. Nilimrekodi Aprili, nikamwambia ni ya kazi yangu, akasema sawa. Hakuuliza kazi gani.

Mwito wake unaanza chini kifuani, unapanda, halafu unakatika kwa mlio wa ulimi. Nyanya alikuwa anaita hivyo hivyo. Mimi nimejaribu tangu nikiwa darasa la tatu, ng'ombe hawanitambui.

Jumamosi, 14 Juni

Watu wanacheza! Rono, mtoto wa baba mdogo, amewapelekea waendesha boda boda wote wa steji yake. Steji iko pale pale ng'ambo ya ua wa malisho yetu. Wanangoja abiria, wanacheza. Leo nimepita nikawakuta watano wameinamia simu, Mama anaita kutoka mifukoni na viganjani.

Na ng'ombe wakaja. Wote watatu, Lelmet mbele, Daisy, Queen nyuma. Wamekuja mpaka kwa ua, wamenyoosha shingo, wanaangalia pikipiki. Watu wamecheka mpaka mmoja akaketi chini. Na mimi nimecheka. Nimeandika hapa kwamba nimecheka kwa sababu nimecheka.

Nimefurahi sana. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu amechaguliwa.

Alhamisi, 19 Juni

Rono ameufanya mwito wa Mama kuwa mlio wa simu yake. Kila akipigiwa, Mama anaita. Wengine wameiga. Sasa hata saa nne asubuhi ng'ombe wako kwa ua. Saa sita, kwa ua. Mama ananiambia jioni kwamba hawa ng'ombe siku hizi hawali, wanatembea tu. Maziwa yamepungua kidogo. Anafikiri ni nyasi.

Sikumwambia ni nini. Ningemwambia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na nikakunywa.

Nimempigia Rono. Nimemwambia abadilishe huo mlio. Akasema, dada, si ni matangazo ya bure nakufanyia? Kwani yeye ana akili gani. Nimekata simu.

Ijumaa, 20 Juni

Wameingia mahindi ya Mzee Kurgat.

Simu ya mtu imelia upande wa pili wa shamba, karibu na kona ambapo ua umelegea. Ng'ombe wamefuata sauti. Wamesukuma nguzo, wameangusha waya, na mahindi yako kati yao na sauti, kwa hivyo wamepita katikati. Wamekula na wamekanyaga. Nimeona mwenyewe nikitoka kazini: njia pana kama ya trekta, mahindi yamelala pande zote.

Mzee Kurgat hakupiga kelele. Ndiyo ilikuwa mbaya. Alikuja na kofia yake mkononi, akakaa, akapewa chai, akauliza kuhusu goti la Mama. Mama anaomba msamaha, yeye anasema ni wanyama tu. Mama akasema atampelekea maziwa kila asubuhi mpaka avune. Hajawahi kuaibika mbele ya huyo mzee. Ni majirani miaka thelathini. Wakati wa vita vya uchaguzi walilala nyumba moja.

Mzee akitoka aliniangalia kidogo. Akasema anasikia steji kumekuwa na mama mmoja anaita ng'ombe siku nzima. Mama alikuwa anaosha vikombe. Alisimamisha mikono ndani ya maji.

Nimemweleza yote. Nimesema haraka haraka. Alimaliza vikombe.

Ijumaa, 27 Juni

Hasira tu wiki nzima. Nimemfokea mteja kwa sababu ya karatasi. Achieng amenitoa nje ninunue njugu nipoe.

Mama anasema sasa anawaita ng'ombe mara tatu, nne, ndiyo wanakuja. Zamani ilikuwa mara moja.

Alhamisi, 3 Julai

Hawakuja.

Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Ng'ombe hukamuliwa saa kumi na moja. Mama alikuwa bado langoni, ameshika nguzo ya lango, anaita. Sauti imekwaruza. Ule mlio wa ulimi mwishoni hautoki tena, ni hewa tu. Ng'ombe wako kule chini karibu na mto, wanakula. Nilikuwa nawaona. Hawakuinua hata vichwa. Sikio tu la Queen lilizunguka, kama anafukuza nzi, likarudi.

Mama alikuwa anaita tangu saa kumi na moja. Goti lake haliwezi kuteremka kule bondeni na kupanda tena, ndiyo maana huita. Miaka yote tangu goti liharibike ameita, wamekuja. Mimi niko kazini. Hakuna mtu mwingine nyumbani. Bila mwito hana ng'ombe, ana wanyama wanatembea kwa shamba lake.

Nimeteremka nikawaleta kwa fimbo. Nimewapiga. Sikufaa kuwapiga. Wao hawana makosa.

Mama amekamua kimya. Kila siku huongea nao akikamua.

Ijumaa, 4 Julai

Sikuenda kazini moja kwa moja. Nimeenda steji. Nimesimama katikati yao nikasema kila mtu atoe simu, afute mchezo, afute mlio. Nimeomba kwanza. Naapa nimeomba kwanza.

Wakacheka. Mmoja akasema madam amekuja na polisi? Mwingine akauchezesha, pale pale, akinishikia simu usoni. Mama akaita. Nikaipiga ile simu ikaanguka kwa changarawe za murram. Kioo kimepasuka. Nikasema maneno ambayo sitayaandika.

Rono akanivuta kando. Ameaibika kwa niaba yangu, upuzi gani huo. Nikamwambia kwamba jana Mama alisimama langoni kwa muda wa saa moja na nusu akiita na hawakuja. Nikamwambia kuhusu goti. Yeye amekunywa maziwa ya ng'ombe wa Mama tangu utotoni, anajua maana yake. Akafuta wake mbele yangu, akawageukia wengine akawaambia kwa Kikalenjin, polepole. Watatu wakafuta. Wengine wakasema watafuta baadaye. Wale wa kupita wakitoka mjini wakielekea uwanja wa ndege, hao hata hatuwajui.

Nitalipa kioo. Mwenye simu hajaomba msamaha na mimi sijaomba.

Jumapili, 6 Julai

Sikuenda kanisa. Nimeondoa mchezo mtandaoni. Nimeondoa mwito kwenye Kelele. Halafu nikafanya ujinga wa kuutafuta.

Uko kila mahali. Mtu ameuweka kwa mchezo wake wa mashetani, Mama anaita wakati mlango wa kaburi unafunguka. Mtu ameandika chini kwamba huyo bibi anatisha, anafaa kupewa tuzo. Mwingine ameuharakisha umekuwa kama kuku. Mwingine kuna video anamchekesha mtoto nao. Nimeandikia wanne. Mmoja amejibu, kwa adabu kabisa: si uliandika mtu yeyote achukue?

Niliandika. Maneno yangu mwenyewe.

Achieng alikuja mchana na sukari na mkate kumsalimia Mama. Tulikaa nje. Nikaanza kulaumu Rono, kulaumu steji, kulaumu mtandao. Aliniacha nikamaliza. Halafu akaniuliza kwa mchezo wetu mtu anagusa mara ngapi ndiyo amalize. Nikahesabu. Mara arobaini, hamsini. Akasema, "Na Mama anaita mara ngapi kwa siku?"

Mara mbili. Asubuhi na jioni.

Niliandika huo mstari wa programu mwenyewe, kwamba ukigusa, sauti itoke, haijalishi umegusa lini. Nilifurahi kwamba haikwami. Nilijaribu kwa simu tatu kuhakikisha haikwami. Nilihangaika na tik wiki mbili, na hili sikuliona.

Jumatano, 9 Julai

Mama ameanguka.

Mvua ilianza saa tisa. Aliita, hawakuja, akachukua fimbo akateremka bondeni peke yake. Ameteleza penye mfereji. Mzee Kurgat alimwona kutoka kwake, akaja na mwanawe, wakambeba mpaka nyumbani kwa toroli. Yeye huyo huyo, ambaye mahindi yake yamelala. Nilimkuta jikoni kwetu akichemsha maji, na hajui mahali sufuria zinakaa.

Goti limevimba kama kabichi. Daktari wa kituo cha afya amesema hakuna mfupa umevunjika, apumzike, asiteremke popote. Ng'ombe wamekamuliwa saa mbili usiku, nimekamua mimi, vibaya. Kiwele cha Lelmet kina joto upande mmoja na maziwa yametoka na vipande. Kesho niite daktari wa mifugo.

Nina hasira na hakuna mtu wa kumpa. Rono amefuta. Mzee amembeba Mama. Achieng amesema ukweli. Nimebaki mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Nilifikiri nina akili. Niandike nilivyofikiri.

Nilifikiri: ng'ombe wamejifunza kwamba mwito hauna kitu. Basi wafundishwe upya. Faili ya kwanza bado ninayo, ile ndefu ya Aprili, safi. Nimeazima spika ya kanisa, ile ya mkutano. Nimeweka chumvi ya ng'ombe kwenye karai langoni. Mpango wangu ulikuwa mwito, chumvi, mwito, chumvi, siku saba, kumi, mpaka warudi. Hata nimeandika programu ndogo ya kuubadilisha kidogo kila mara, juu, chini, haraka, ili masikio yao yasichoke. Niliridhika nayo. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtu mwenye tatizo amepata suluhisho.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, mguu kwenye kigoda. Nikawasha.

Sauti yake ikatoka, kubwa, ikaenda mpaka ng'ambo na kurudi. Alishtuka. Aliangalia spika, halafu akaniangalia. Bondeni ng'ombe waliendelea kula. Nikaongeza. Akanyanyuka. Daktari alisema asisimame. Alikuja akishika ukuta, akashika nguzo, akafika kwa spika akaanza kutafuta mahali pa kuizimia. Hakupajua. Akavuta waya.

Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Jebet. Mimi siku zote nikiita, kuna kitu. Kuna chumvi, ama kuna pumba, ama ninawatoa maziwa yanayowauma. Sijawahi kuwaita bure hata siku moja. Mama yangu pia hakuwaita bure. Wewe umewaita bure mara ngapi?"

Nikasema sijui. Ni kweli sijui. Hakuna hesabu ya kitu kama hicho.

Akasema, "Sasa hata mimi wananiona mwongo."

Nikamwambia basi, ndiyo maana nataka kuwafundisha tena. Nilisema kwa hasira, nikamkaripia mama yangu mgonjwa, kwa sababu ni mimi nilikuwa na makosa. Akasema nirudishe spika ya watu. Nimeirudisha nikiwa nalia barabarani, na watu wa steji wameniona, na hakuna aliyecheka, na hiyo pia imenikasirisha.

Jumapili, 13 Julai

Nimefuta faili ya Aprili. Nimekaa nikaangalia kioo cha kompyuta dakika kumi, nikafuta, nikamwaga na pipa lake la takataka. Haina faida yoyote, iko kwa simu za watu elfu, lakini sitaki iwe kwangu.

Achieng amekubali tubadilishane zamu. Nitakuwa nafungua duka asubuhi na mapema, naondoka saa tisa. Ng'ombe nitawaleta mimi, kwa miguu. Mama amesikia. Amesema sawa.

Jumanne, 22 Julai

Siku ya tisa kuwaleta. Naanza kuwajua. Daisy hupenda kupitia kwa mfereji, Queen husubiri ashikwe shingo. Lelmet amepona, maziwa yamerudi meupe. Sindano siku tano.

Mama hunikaripia nikikamua. Vidole vyako ni vya kompyuta, anasema. Ni mara ya kwanza amenitania tangu mambo haya. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Bado anapeleka maziwa kwa Mzee Kurgat, ama tuseme napeleka mimi, kila alfajiri kabla ya kazi. Mzee hupokea, husema asante, hufunga mlango. Mahindi yake yaliyobaki yametoa mbelewele.

Sijafungua Kelele. Mtu ameniandikia anataka sauti ya punda. Nikamjibu atafute punda.

Jumamosi, 2 Agosti

Hakuna kazi leo mchana. Mvua ilikuwa imepita, kumetulia. Goti la Mama limeshuka, anatembea na fimbo. Wiki hii mara kadhaa nimerudi na kumkuta ametoka malishoni, viatu vina matope, mfuko wa sweta una unga unga wa pumba. Sikuuliza.

Saa kumi na nusu nilichukua fimbo niteremke. Akaniambia niiache.

"Ingia jikoni," akasema. "Funga mlango. Washa redio."

Nikamuuliza, kwa sauti kubwa?

"Kwa sauti."

Nilielewa: kuna mwito mwingine sasa, na mimi sitausikia. Nilisimama kidogo nikimwangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja niingie, mkono mmoja ndani ya sweta.

Nikaingia. Nikafunga mlango, nikasukuma na komeo. Nikawasha redio mpaka mwisho. Ilikuwa wakati wa matangazo ya vifo. Mwalimu fulani wa Burnt Forest, ameacha mjane na watoto sita. Mama wa mtu huko Chepsaita, mazishi ni Alhamisi. Niliketi kwenye gunia la viazi, nikasikiliza majina yote. Nilichochea moto. Kuna ufa kati ya mbao pale dirishani, mtu akitaka anaona lango lote. Niliketi nikiupa mgongo.

Matangazo yaliisha, ukaja wimbo, ukaisha. Kisha mlango ukagongwa na fimbo. Nikafungua.

Walikuwa zizini wote watatu, wamesimama kila mmoja mahali pake. Mama alikuwa anahema kidogo. Akaniambia nizime hiyo redio, inampigia kelele, na nilete maji ya moto ya kuosha viwele.

Nikaleta maji.